Nilipanda moja ya pilipili kali zaidi duniani hapa Umoja, lakini siyo iliyonirudishia wateja

Wacha nianze na jioni niliyokaribia kuzika biashara ya mtu.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na kitu, kwa steji iliyo karibu na ploti yetu hapa Umoja. Jamaa wa smokie ambaye huegesha mkokoteni wake kando ya kibanda cha M-Pesa alikuwa amekubali kuweka chupa ya sosi yangu karibu na bakuli la kachumbari. Nilikuwa nimemwambia kwa madaha kwamba ndani kuna Carolina Reaper niliyoipanda kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba hajawahi kuonja kitu kama hicho. Akacheka tu.

Mteja wa kwanza alikuwa makanga mmoja mwenye haraka. Akaikamata chupa na kumimina vile watu humimina ile pilipili ya kawaida ya maji maji, mkono mzito kabisa. Akauma, akatafuna, akaniangalia, akasema, "Tamu, bana." Nikatabasamu hadi masikioni. Nilianza kupiga hesabu ya chupa mia.

Sekunde kumi hivi baadaye tabasamu ilikuwa imeisha. Makanga alishikwa na kwikwi kwanza. Kisha machozi. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, mate yanadondoka, dereva anapiga honi, abiria wanachungulia madirishani, na wasee watatu tayari wametoa simu kurekodi. Gari likaondoka bila yeye. Mtu akamletea maji, na maji yakazidisha. Alichukua karibu nusu saa kusimama.

Wiki iliyofuata hakuna mtu aliyetaka smokie za yule jamaa. Akanirudishia chupa zote 20. "Bro," aliniambia, bila hasira hata, na hiyo ndiyo iliuma zaidi, "watu huja hapa kushiba, hawaji kuteswa." Chupa 20 kwa shilingi 150 ni 3,000. Hiyo ilikuwa pesa ya kumalizia kodi ya keja. Ukitaka kujua mbona msee aliyeacha diploma ya ununuzi mwaka wa pili kwa sababu ya karo alikuwa ameweka kodi ya nyumba ndani ya pilipili, endelea kusoma.

Namba zilizonidanganya

Kama wewe ni mtu wa kuvutiwa na namba, nakuelewa. Mimi pia zilinipata hivyo.

Ukali wa pilipili hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Scoville. Kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville. Alichukua pilipili kavu, akaloweka kwenye pombe ili ukali utoke, kisha akaendelea kuzimua kwa maji ya sukari huku watu watano wakionja. Wengi wao wakishasema hawasikii chochote, anaangalia amezimua mara ngapi. Ikiwa ni mara laki moja, basi pilipili hiyo ni 100,000. Basi. Siku hizi maabara hutumia mashine inayopima kiasi cha kapsaisini, ile kemikali ya moto, halafu hesabu inageuzwa iwe namba za Scoville.

Pilipili hoho unayokata kwa kachumbari ina sifuri. Pilipili mbuzi, ile ya duara yenye mikunjo kama kofia, iko kati ya 100,000 na 350,000. Sasa ingia kwa hao wakubwa. Mwaka 2007 kitabu cha Guinness kiliitambua bhut jolokia, ya kaskazini mashariki mwa India, kwa kupita milioni moja. 2011 ikaja Trinidad Scorpion ya aina ya Butch T na 1,463,700. 2013 ikawa zamu ya Carolina Reaper, iliyozalishwa na Ed Currie huko South Carolina, Marekani, na 2017 ikapimwa tena ikapata wastani wa 1,641,183. Currie huyo huyo akajipiku mwenyewe 2023 na Pepper X, 2,693,000. Alipoitangaza alisema mbegu zake haziuzwi. Kwa hivyo msee akikuuzia mbegu za Pepper X kwa mia mbili hapa Nairobi, songa mbele tu.

Mimi nilisoma hizo namba usiku mmoja nikiwa nimelala chini kwenye godoro, sina kazi, na nikaona biashara. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kila mtu mtaani anauza pilipili, hakuna anayeuza ya milioni moja na nusu.

Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba hiyo namba ni ya matunda yaliyopimwa maabara, yaliyokuzwa na mtu anayejua anachofanya, kwa joto lake na udongo wake. Yangu yalikuwa yanaenda kukulia ndani ya ndoo za rangi za lita 20, kwenye paa la ploti ambapo watu huanika nguo.

Ndoo, baridi na keateka

Nilipata miche na mbegu kutoka kwa mkulima mmoja wa kando ya Thika Road. Ukitaka kuagiza mbegu kutoka nje ya nchi, jua kwamba unahitaji kibali cha KEPHIS, usije ukaambiwa na posta kwamba kifurushi chako kimezuiliwa. Nilichukua aina tano: pilipili mbuzi, fatalii, bhut jolokia, 7 Pot Douglah na Reaper. Zote ni za jamii moja ya chinense, ingawa bhut jolokia imechanganyika kidogo na jamii nyingine. Hilo jina chinense maana yake ni "ya China", kosa la mtaalamu wa mimea aliyeitwa Jacquin mwaka 1776. Asili yake ni maeneo ya Amazon, Amerika Kusini. Kosa la zaidi ya miaka 240 na bado liko kwa vitabu, kwa hivyo usijilaumu sana ukikosea jina la mpenzi wako.

Mbegu hizi zinataka joto la nyuzi 26 hadi 32 ndipo ziote. Nyumba yangu haina hilo joto hata kukiwa na wageni. Nikaweka trei juu ya king'amuzi cha jirani, mama wa ghorofa ya tatu, kwa sababu kile kidubwasha huwa na joto usiku na mchana. Alikubali kwa sharti kwamba atapewa pilipili ya kwanza. Mbuzi ilichomoza siku ya tisa. Reaper ilinifanya nisubiri siku 26, na kufikia hapo nilikuwa nimeshaitukana vya kutosha.

Halafu Julai ikafika. Kama umelala Nairobi mwezi wa saba bila blanketi la pili unajua ninachosema. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, mimea hii huanza kudondosha maua. Kila asubuhi nilikuta maua chini ya ndoo kama njugu zilizomwagika. Vidukari navyo vikahamia chini ya majani. Nilivifukuza kwa maji ya sabuni, jani moja baada ya lingine, na keateka akiwa amesimama mlangoni akiuliza ni nani anamaliza maji. Hapa kwetu maji huja siku mbili kwa wiki. Unaweza kuelewa kwa nini yeye na mimi hatukusalimiana karibu mwezi mzima.

Ndege walinishangaza. Walikuwa wanakuja kuchagua zilizoiva, wanameza na kwenda zao. Baadaye nikajua kwamba ndege hawasikii ukali. Mamalia tuna kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kuambia ubongo kwamba umeguswa na moto, na kapsaisini hukibonyeza kama kengele ya mlango. Hakuna kinachoungua kweli. Ni ujumbe wa uongo. Kipokezi cha ndege hakijali hiyo kemikali, ndiyo maana wao husambaza mbegu bila shida. David Julius, mmoja wa waliokifumbua hicho kipokezi, alipata tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Mimi nilipata neti ya mbu iliyotoboka, nikafunika ndoo.

Mavuno ya kwanza yalikuja Septemba. Ndoo mbili nilizoandika "Reaper" zilitoa vitu viwili tofauti: moja ilikuwa na matunda mekundu yenye vipele na kamkia kale ka nge, nyingine matunda laini ya rangi ya chungwa yasiyo na mkia wowote. Hiyo ya pili ilikuwa chotara. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki akipita kutoka kwa jirani, mbegu za tunda hilo zitakuletea mtoto usiyemjua. Ukitaka mbegu safi, vika ua kijimfuko cha neti kabla halijafunguka, vile vya kufungia zawadi za harusi vinafaa sana, na ulitoe baada ya tunda kushika. Aliyeniuzia hakufanya hivyo. Sikumpigia kelele, nilikuwa nimeshachelewa.

Na mimi, badala ya kuonja kwanza, nikachukua Reaper zilizokuwa nyekundu, nikasaga na siki, nikajaza chupa. Iliyobaki unaijua. Makanga, kwikwi, chupa 20.

Scoville wa ghorofa ya sita

Baada ya ile aibu nilikaa wiki nzima bila kupanda juu kumwagilia. Kilichonirudisha ni swali dogo lililokuwa linanikereketa: makanga alisema "tamu" kabla hajaanguka. Alionja nini hapo?

Nikaamua kufanya kile ambacho Scoville alifanya mwaka 1912, tena na watu watano kama yeye. Mimi, mama wa ghorofa ya tatu, fundi wa simu, keateka (aliyekubali kwa sababu ya udaku tu), na utashangaa, yule makanga mwenyewe. Nilimtafuta steji, nikaomba msamaha, nikamweleza mpango. Akasema, "Safari hii nataka kuona namba."

Nilikausha pilipili kwenye wavu wa chuma juani karibu wiki mbili. Nikapima gramu moja ya kila aina kwa mizani ndogo ya kielektroniki, nikaloweka kila moja kwa mililita 100 za vodka ya bei ya chini usiku kucha. Kutoka hapo, kwa sirinji za duka la dawa, mililita moja ndani ya 99 za maji ya sukari, hapo umezimua mara 10,000. Moja ya hiyo ndani ya tisa nyingine, laki moja. Tena, milioni. Katikati nilifanya hatua za nusu. Tulionja aina moja kwa siku, kwa sababu ulimi ukishachomwa unakufa ganzi na unaanza kudanganya. Huo ndio ulikuwa udhaifu wa njia ya Scoville tangu mwanzo, na ndiyo maana maabara zilihamia kwa mashine.

Sisemi hizi ni namba za kupeleka Guinness. Vodka haitoi ukali wote, na keateka alikuwa anavuta sigara katikati. Lakini sikiliza matokeo. Mbuzi ilipotea kabisa tulipofika laki mbili. Fatalii ilikaa karibu hapo hapo. Bhut jolokia ilisikika na watu wanne kwa laki tano, na mmoja tu kwa milioni. Reaper kwa milioni ilisikika na wawili. Douglah kwa milioni ilisikika na watatu.

Umeona hapo? Kwa paa langu, Douglah, ambayo haijawahi kushika rekodi ya Guinness, ilikuwa kali kuliko Reaper yangu. Ndoo ya Douglah ilikuwa pembeni, upande unaopigwa na jua mchana kutwa, na mara nyingi niliisahau kuimwagilia. Joto na kiu kidogo huweza kupandisha ukali. Reaper nilikuwa naidekeza kama mtoto wa mwisho: maji, kivuli, mbolea. Ikanona, ikalegea.

Kwa hivyo ile "1,641,183" niliyokuwa nimeiandika kwa lebo ya chupa zangu ilikuwa hadithi ya shamba la mtu mwingine.

Ladha sasa

Hapa ndipo nataka utulie, maana hii ndiyo sehemu niliyoiruka mwanzoni na ikanigharimu.

Kuonja ladha ni kazi tofauti na kupima ukali. Nilikata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka ncha ya tunda bichi, nikaweka juu ya ugali uliopoa, bila chumvi. Aina moja kwa siku, nikiwa nimeshakula. Mtu atakwambia moto uko kwa mbegu. Si kweli; uko kwa ule utando mweupe unaozishikilia, mbegu hupakwa tu. Ukiwa na mbuzi unaweza kuutoa huo utando ukapunguza moto sana. Kwa hizi kubwa hiyo hila haisaidii, kwa sababu vifuko vya kapsaisini viko hadi kwa ukuta wa ndani wa tunda. Hakuna pembe salama.

Mbuzi inaanza kukuambia mambo kabla hujaigusa. Ukiikata tu, chumba kizima kinanuka pera lililoiva na ganda la chungwa. Moto wake unakuja haraka, unakaa kwa ulimi na midomo, na baada ya dakika tano hadi kumi unakuaga kwa heshima. Unabaki ukitaka tena. Nimekula hii maisha yangu yote kwa viazi vya Mombasa na sikuwahi kuiheshimu kwa sababu tu ni ya nyumbani.

Fatalii ni ya Afrika, kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni ya manjano, ndefu, imekunjamana. Ladha yake ni ndimu, si kwa kufananisha tu, kweli mama wa ghorofa ya tatu aliniuliza kama nimekamulia kitu. Moto wake ni wa sindano, mwembamba, unachoma mbele. Weka kidogo kwa tilapia ya kukaanga na utatupa ndimu zako. Kama ni lazima uchague moja tu ya kupanda, panda hii.

Bhut jolokia ni mjanja. Unatafuna, hakuna kitu, unaanza kuwacheka waliokuonya. Unapata utamu wa tunda na kitu kama moshi kwa mbali. Nusu dakika inapita. Halafu moto unainuka kutoka kooni, polepole, na haukati tamaa. Mimi ulinikalia zaidi ya nusu saa. Watu wa Nagaland huipika na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na ukishaionja unaona ni kwa nini, ladha zinajuana. Assam wameitumia pia kwa ua za kuzuia ndovu, na hata hapa Kenya kuna wakulima wanaopakana na wanyama pori wanaotumia pilipili kwa kazi hiyo. Ndovu na makanga wako timu moja.

Douglah ya Trinidad ina rangi ya chokoleti, na jina 7 Pot linatokana na usemi kwamba tunda moja linatosha sufuria saba za mchuzi. Mimi nilikuwa naiogopa. Lakini ladha yake, aki, ni ya kipekee: njugu zilizokaangwa, udongo baada ya mvua, utamu mdogo sana. Haina yale mambo ya matunda. Kisha moto unafurika mdomo mzima kwa mara moja kama maji ya tangi lililopasuka. Huwezi kuila. Lakini ukiwa na nusu tunda ndani ya lita moja ya sosi, ile njugu bado unaisikia, na moto umeenea hadi ukawa joto tu.

Na Reaper? Currie aliizalisha kwa kuchanganya pilipili ya jamii ya naga kutoka Pakistan na nyingine ya kisiwa cha St Vincent, na alikuwa anatafuta utamu pia, si moto peke yake. Utamu upo. Ni kama peremende ya matunda, mzuri kabisa, kwa sekunde tatu. Makanga alikuwa mkweli aliposema "tamu". Shida ni kwamba baada ya sekunde ya tatu hakuna mtu yuko nyumbani wa kuisikia. Na ukiipunguza hadi ilike, ule utamu unapotea kabla moto haujapungua vya kutosha. Ladha yake na moto wake haviwezi kukutana kwa sahani moja, angalau kwa mikono yangu.

Niseme hapa kitu kimoja bila mzaha. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ Case Reports liliandika kuhusu mwanamume wa miaka 34 huko Marekani aliyekula Reaper kwa mashindano, akapata maumivu makali ya kichwa ya ghafla kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo ilibana. Alipona. 2023, kijana wa miaka 14 huko Massachusetts alifariki baada ya kula kibanzi cha pilipili hizi kwa shindano la mtandaoni. Wachunguzi walisema alikuwa pia na tatizo la moyo, na kampuni ikaiondoa bidhaa sokoni. Mimi nilikuwa nimeweka chupa bila onyo kwa mkokoteni ambapo watoto wa shule hununua smokie. Makanga ni mtu mzima mwenye kifua. Nimelala usiku kadhaa nikifikiria ni nani angeweza kuwa mteja wa pili.

Kwa hivyo: glavu, dirisha wazi, usichemshe siki na pilipili hizi ukiwa umefunga mlango, na usiguse jicho wala kitu kingine chochote cha mwili wako hata baada ya kunawa. Ukichomeka, kunywa maziwa au mala baridi. Kuna protini iitwayo kaseini inayobeba kapsaisini na kuiondoa ulimini. Maji huisambaza tu. Na mtu wa pumu asikae karibu na jiko lako.

Shangazi hakuonja hata

Desemba nilishuka Mombasa. Shangazi yangu anauza viazi karai Majengo, na pilipili yake ya ukwaju watu huijia na chupa zao za nyumbani. Nikampangia zile tano mezani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Hakuonja. Aliziponda kidogo kwa kucha, moja moja, akazinusa. Alikaa na fatalii. Alirudi kwa Douglah mara mbili. Reaper aliinusa akaisukuma kando.

"Hii ni ya kumkomoa mtu, mwanangu. Ya kula i wapi?"

Nikamweleza habari za milioni na nusu. Akanisikiliza hadi mwisho, maana Shangazi ana adabu, kisha akaniambia kwamba pilipili ikifika mdomoni kabla ya ukwaju, umepika vibaya. Vinatakiwa vifike pamoja. Akanionyesha: mbuzi kwanza kwenye maji na chumvi hadi zilainike, ukwaju uliokamuliwa mzito, sukari guru kidogo ya kuzuia uchachu usikate, na moto mdogo. Aliniachia niongeze zangu. "Tone," alisema. "Tone, si mkono."

Niliporudi Nairobi nilifanya mara sita kabla sijapata. Kumi za mbuzi, tatu za fatalii, nusu ya Douglah, ukwaju, kitunguu saumu, siki. Mbuzi inafungua na ile harufu ya pera, fatalii na ukwaju vinashikana katikati, na Douglah haionekani kabisa hadi umemeza, ndipo unasikia njugu na joto linalokaa. Reaper haimo.

Nikampelekea jamaa wa smokie chupa isiyo na lebo, na ya pili yenye mbuzi tupu. Nikamwambia asiseme kitu, aangalie tu ni gani inaisha. Kwa wiki mbili alikuwa ananitumia picha za chupa jioni. Ya kwanza ilikuwa inaisha Jumatano; ya pili ilifika Ijumaa ikiwa na robo. Makanga amerudi kwa mkokoteni, ingawa hunusa kwanza kabla ya kumimina. Sasa kuna kijiko kidogo kimefungwa kwa uzi shingoni mwa chupa, na karatasi inayosema ni kali na si ya watoto.

Sijawa tajiri, usidanganyike. Ile 3,000 nimeirudisha, na kodi ya Machi ililipwa kwa wakati kwa mara ya kwanza tangu niache chuo. Kupeleka chupa madukani kunahitaji alama ya ubora ya KEBS, na hizo fomu ziko hapa mezani, nusu zimejazwa. Mathe bado huniuliza nitarudi chuo lini. Huwa namtumia chupa.

Ndoo ya Reaper bado iko juu, nimeihamishia upande wa jua ilikokuwa Douglah, bila kudekezwa. Nataka kuona itafanya nini. Fatalii nimeotesha miche minane mipya juu ya king'amuzi. Mmoja ameuomba keateka. Anasema ataumwagilia mwenyewe, na kwamba kuhusu maji tutaongea baadaye.